Diski za ziada kwenye kompyuta kuukuu: umeme utautoa wapi?

Swali hili hunifikia kwenye simu kila mara, na huja kwa sura ileile: picha ya kompyuta iliyofunuliwa ubavu, diski mpya imelala mezani bado iko ndani ya nailoni yake, na chini yake maneno, "Fundi, kichwa cha stima kimebaki kimoja na diski ni mbili. Nifanyeje?" Anayeuliza huwa ni mpiga video za harusi ambaye diski imemjaa video za sherehe za kupamba za watu, au mwenye saiba kule Kisauni aliyenunua mashine ya mtumba na sasa anataka kuhifadhi picha za kamera za ulinzi. Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotarajia, basi nimeliandika lote hapa.

Ondoa kwanza dhana moja. Splita, yaani waya unaogawa kichwa kimoja cha umeme kuwa viwili au zaidi, haizalishi umeme, inaugawa tu. Chukulia nyumba yenye tangi moja juu ya dari. Ukifunga mifereji mitatu zaidi jikoni, maji ni yaleyale, walioongezeka ni watekaji. Tangi lako ni pawa saplai, mabomba ni nyaya. Kwa hiyo una maswali mawili ya kujijibu kabla hujaenda dukani: tangi lina kiasi gani, na bomba unalotaka kuchota lina unene gani. Wengi hujiuliza la kwanza tu, na diski huungua kwa sababu ya la pili.

Vitu vya kuwa navyo

Bisibisi ya nyota, tochi (ya simu inatosha), na mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo. Waya mmoja wa data wa SATA (aina ya kiungio cha diski za siku hizi) kwa kila diski unayoongeza. Watu huusahau huu wakarudi mjini mara ya pili. Skrubu za diski: za diski kubwa ya kuzunguka ya inchi 3.5 zina meno mapana, za SSD (diski isiyo na kinachozunguka ndani) zina meno membamba, na ukizilazimisha utaua uzi wa tundu. Kamba ndogo za plastiki za kufungia nyaya.

Adapta (waya wa kugeuza kichwa cha aina moja kiwe cha aina nyingine) au splita usinunue bado. Na kama diski ya zamani ina kazi za wateja, zinakili mahali pengine leo, kabla hujafungua kitu.

Mashine yako ni ya aina gani?

Fungua ubavu uangalie nyaya zinazotoka kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma ambamo plagi ya ukutani huingia.

Ukiona shada la nyaya lenye vichwa vingi, na kimoja kikubwa cha pini 24 kimeingia kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine), una mashine ya kawaida na kazi yako ni nyepesi.

Ukiona nyaya chache tu, kichwa kikuu kina pini 6 au 8, na waya wa kulisha diski unatokea kwenye madabodi yenyewe, una mashine ya ofisi ya kampuni kubwa. Hizi zimejaa kwenye maduka ya mtumba hapa Mombasa. Hapo bomba lako ni mistari myembamba ya shaba iliyochorwa ndani ya bodi, iliyopimwa kwa diski zile tu ambazo kiwanda kiliziruhusu. Ongeza SSD moja, ukiona lazima. Diski tatu za kuzunguka kwenye waya huo usijaribu, kwa sababu kitakachoungua si waya wa kubadilisha, ni bodi.

Aina ya tatu ni mkongwe kabisa, mwenye utepe mpana wa kijivu wa IDE (njia ya data ya kabla ya SATA) na vichwa vya Molex pekee: vile vyeupe vya pini nne nene, waya wa manjano, miwili nyeusi na mwekundu. Huyo naye anaweza kulisha diski ya SATA kupitia adapta, ila hakikisha kwanza bodi ina tundu la data la SATA. Umeme bila njia ya data ni kupika bila sahani ya kupakulia.

Hesabu, dakika tano tu

Soma kibandiko cha pawa saplai. Usipumbazwe na namba kubwa ya wati. Tafuta mstari wa volti 12 na usome ampea zake. Nimeshika boksi lililoandikwa wati 500 kwa herufi nene, na mstari wa volti 12 una ampea 14. Zidisha: wati 168. Huo ndio ukweli wake, kwa sababu prosesa na mota za diski kubwa zinakula kwenye volti 12.

Sasa matumizi. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 2 za volti 12, yaani wati 24 hivi, kwa sekunde chache. Ikishashika kasi hushuka hadi wati 5 mpaka 8. Tatizo ni zile sekunde chache, kwa kuwa diski zote huanza pamoja. Diski ndogo ya laptopu hutumia volti 5 tu, kama ampea 1 wakati wa kuanza. SSD ya SATA nayo ni volti 5, na kwa kawaida haifiki wati 5.

Mfano: mashine ya mtumba yenye i5 ya kizazi cha 4 na pawa saplai ya ampea 16 kwenye volti 12. Prosesa ikiwa kazini, wati 84, ni ampea 7. Bodi na feni niwape 3. Diski ya zamani 2. Jumla 12, zimebaki 4. Hapo diski kubwa moja inaingia kwa raha. Ya pili inaingia kwa kubana pumzi, na inasaidiwa tu na kwamba prosesa haiko mbioni wakati mashine inawaka. Ukiwa na kadi ya michezo ya video ndani, hesabu hii yote imekufa. Badilisha pawa saplai.

Unene wa bomba sasa. Kichwa cha SATA kina pini 15, na kila volti imepewa pini tatu za ampea 1.5, jumla 4.5. Ndiyo maana kutoka kichwa kimoja cha SATA ugawe kwa diski mbili za kuzunguka na si zaidi: mbili ni ampea 4 wakati wa kuanza, karibu unagusa ukingo. Molex ina pini nene zaidi, inabeba diski tatu bila kulalamika. Kwa hiyo ukiwa na uchaguzi, chota kwenye Molex.

Kazi yenyewe

1. Zima mashine, chomoa plagi ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki umalizike. Kuzima swichi ya soketi peke yake hakutoshi, chomoa. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi. Unyevu wa Mombasa hupunguza umeme tuli, lakini chumba chenye eisi ni habari nyingine. Boksi la pawa saplai lenyewe usilifungue hata kwa udadisi: ndani kuna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300 na hazimwagiki mara tu unapochomoa.

2. Piga picha ya ndani kabla hujasogeza waya wowote. Utanishukuru saa nne usiku.

3. Tafuta vichwa vya umeme vilivyobaki. Mara nyingi kimojawapo kimekunjwa na kufungwa nyuma ya kiendeshi cha DVD. Na hiyo DVD yenyewe, mara ya mwisho uliitumia lini? Kama ni ile nene ya kawaida, ichomoe: kichwa chake cha umeme na waya wake wa data ni vyako bure, na umemaliza bila kununua kitu. DVD nyembamba za mashine ndogo zina kichwa kifupi cha pini 6 chenye volti 5 tu; hicho hakikai kwenye diski.

4. Kama hakuna kilichobaki, sasa nenda dukani, na hapa ndipo nakuomba umakini. Adapta za Molex kwenda SATA ziko za namna mbili. Moja ina kichwa ambacho ni donge zima la plastiki lililomiminwa juu ya nyaya, laini, bila mshono. Nyingine ina kichwa ambacho nyaya zinaingia mgongoni moja moja, zimebanwa, na kifuniko chake unaweza kukiona mahali kinapoanzia. Chukua hiyo ya pili. Kwenye ile ya donge huoni nyaya zimelala vipi ndani. Zikikaribiana wakati plastiki inamiminwa, joto la miezi kadhaa hukamilisha kilichobaki.

   Jamaa yangu mmoja wa Majengo alifunga ile ya donge, iliyomgharimu kama sahani mbili za viazi karai. Ilifanya kazi miezi minne. Jioni moja ya kaskazi, chumba kimoto, akasikia harufu kama mfuko wa nailoni ulioangukia jiko la makaa. Nilipofungua, kichwa cheupe kilikuwa rangi ya kahawa upande wa waya wa manjano, kimeganda kwenye ulimi wa diski hata kikawa hakitoki. Pawa saplai haikuzima hata mara moja. Kwenye ile diski mlikuwa na harusi tatu ambazo hazijakabidhiwa.

5. Pima adapta kabla haijaona diski. Mashine ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye alama ya mlio, ile inayolia ncha zake mbili zikiunganika. Gusisha pini ya manjano ya Molex na pini nyeusi, kisha nyekundu na nyeusi, kisha manjano na nyekundu. Pote isilie. Ikilia popote, itupe, usiirudishe droo. Kisha iunge kwenye pawa saplai bila diski, washa mashine, na upime kwenye Molex nyingine ya waya uleule: manjano na nyeusi itoe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu na nyeusi kati ya 4.75 na 5.25. Zima na uchomoe tena.

6. Funga diski kwenye nafasi yake kwa skrubu nne, mbili kila upande. Acha nafasi moja tupu kati ya diski mbili za kuzunguka kama kasha linaruhusu. Kwenye joto letu la Februari na Machi, diski zilizobandana hupikana. SSD inaweza kufungwa popote hata kwa kamba za plastiki, haina kinachozunguka. Diski ya kuzunguka usiiache ikining'inia kwa waya wake. Nimeona hata iliyoegemezwa kwenye feni.

7. Unga waya wa data. Diski ya zamani yenye Windows iache kwenye tundu lake lilelile, mpya iende tundu linalofuata.

8. Unga umeme. Kichwa cha SATA kina umbo la L, kinaingia upande mmoja tu. Kikikataa, kigeuze, usikisukume, ule ulimi wa plastiki kwenye diski huvunjika kama biskuti. Molex ina kona mbili zilizokatwa ili isiingie kinyume, lakini za plastiki laini huingia ukitumia nguvu, na hapo volti 12 zinakwenda mahali pa volti 5. Diski hufa papo hapo, kimya kimya.

   Onyo jingine: kama pawa saplai yako ni ya nyaya zinazochomoka pande zote mbili, usitumie waya wa pawa saplai nyingine hata kama unaingia vizuri. Upande wa diski umefanana duniani kote, upande wa boksi kila kiwanda kimejipangia. Huko pia diski hufa.

9. Kagua swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai za zamani: isome 230. Stima yetu ni volti 240. Ikiwa kwenye 115 utasikia mlipuko mmoja tu.

10. Washa ubavu ukiwa wazi. Sikiliza diski ikishika kasi: mvumo unaopanda na kutulia. Baada ya dakika kumi gusa plastiki ya vichwa kwa nje. Vuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe kidole, zima.

11. Ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka (F2, F10 au Del, kulingana na mashine), uone kama diski imeorodheshwa, na hakikisha ya Windows bado ndiyo ya kwanza kuwashwa. Ndani ya Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc. Diski mpya kabisa itaomba kuandaliwa: chagua GPT, hasa ikizidi TB 2, kwa sababu mpangilio wa zamani wa MBR hauwezi kuona zaidi ya hapo. Lakini kama diski imetoka kwenye mashine nyingine na ina vitu ndani, kataa kuandaa na kataa kuformati, hata ikikuomba mara tatu.

Ikigoma

*Feni inageuka nusu mzunguko kisha mashine inazima.* Pawa saplai inajikinga. Chomoa plagi, ondoa diski mpya pamoja na adapta yake, subiri dakika moja, jaribu. Ikiwaka, kosa liko kwenye adapta au diski. Rudisha adapta peke yake bila diski. Ikizima tena umempata mwizi.

*Mashine inawaka, diski haizunguki.* Zima, chomoa, uiunge kwenye kichwa cha umeme cha diski ya zamani ambacho unajua ni kizima. Ikizunguka, adapta ni mbovu. Kama haizunguki na uliitoa ndani ya kasha la diski ya nje ya USB, huenda ni diski zile ambazo pini ya tatu ya umeme, ya volti 3.3, huziamuru zisiwake. Adapta ya Molex inaponya hilo, kwa kuwa Molex haina volti 3.3 kabisa: nyaya nne tu, hakuna wa rangi ya machungwa.

*Inazunguka lakini BIOS haiioni.* Badilisha waya wa data kwanza. Kisha tafuta ndani ya BIOS, maana mashine nyingi za ofisi huja na matundu ya SATA ambayo hayajatumika yakiwa yamefungwa, na ni wewe wa kuyafungulia.

*Inaonekana, lakini ukinakili faili kubwa inapotea, na unasikia tk, tk.* Ama umeme unashuka ama diski inakufa. Ihamishie kwenye waya mwingine unaotoka moja kwa moja kwenye boksi, si splita juu ya splita. Ikiendelea, isome afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikionyesha sekta mbovu, nakili ulichoweza na uiache ipumzike.

*Ilikuwa nzima mwaka mzima, sasa inakwenda na kurudi.* Hii ni ya kwetu hasa, na zaidi kwa wanaokaa karibu na bahari. Hewa ya chumvi hula pini. Chomoa kichwa, kimulike kwa tochi. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe, futa kwa pamba na spiriti, acha ikauke kabisa, chomeka na uchomoe mara mbili tatu ili chuma kisuguane. Pini zikiwa zimeliwa, badilisha adapta.

*Kasha linatekenya vidole.* Soketi au ekstensheni yako haina ardhi. Chujio ndani ya pawa saplai huvujisha umeme kidogo kwenye chuma, na bila waya wa ardhi unapitia kwako. Mwite fundi wa nyumba, na ekstensheni ya pini mbili iondoe leo.

*Stima ikipotea.* Zima kwenye soketi, usisubiri irudi mashine ikiwa tayari kuwaka. Stima ya kurudi huja na mrusho, na diski zako zote zinaanza pamoja katika wakati mbaya kuliko wote. Irudi, itulie dakika mbili tatu, halafu washa.

*Mashine ni ile ya aina ya pili na hesabu imekataa.* Nunua kasha la nje la USB lenye adapta yake ya ukutani ya volti 12, ampea 2, uiweke diski kubwa humo. Itakuwa polepole ukiunga kwenye tundu la USB 2.0, kwa hiyo tafuta lile la buluu kama lipo. Kwa diski ya laptopu au SSD, kasha dogo linalolishwa na USB yenyewe linatosha, ila liunge kwenye tundu la nyuma ya mashine. Matundu ya mbele kwenye hizi mashine kuukuu huwa yamelegea, na waya wake wa ndani mrefu hupoteza volti njiani.